Trimarani nyuma ya nyumba, Moshi: boriti nifunge kamba au nipige bolti?

MwalimuMstaafu (Pasua, Moshi)

Wakuu salaam. Mimi ni mwalimu wa ufundi, nimestaafu. Tangu mwezi wa pili najenga trimarani kwenye banda lililokuwa la ng'ombe. Kwa asiyeijua, ni ngalawa iliyokwenda shule: mwili mmoja katikati na ndubi (vielea) mbili pembeni, ila ndubi zenyewe ni maboksi yenye hewa ndani, si ubao mtupu. Jirani alipoiona ndubi ya kwanza aliniuliza nauza hori bei gani.

Mwili ni mita 4.8, kila ndubi mita 3.6, plaiwudi ya milimita 6. Nimeunga kwa kushona. Unakata vipande, unatoboa matundu kwenye kingo, unavishona kwa waya, kisha kona za ndani unaziba kwa gundi ya epoksi iliyokorogwa na unga wa mbao. Ikikauka unachomoa waya na kubandika utepe wa faiba. Wazee wa pwani walishona mitepe, vyombo vyao vya zamani, kwa kamba za makumbi. Mimi waya wa shaba nimepewa na kijana anayesuka mota.

Haikwenda vizuri tangu mwanzo. Plaiwudi ya kwanza niliuziwa kama ya majini. Nikachemsha kipande kwenye sufuria mchana mzima (sufuria ya mama watoto, na kesi yake bado haijaisha), kikaachana tabaka kwa tabaka kama chapati. Nikanunua nyingine, hiyo ikavumilia. Halafu mwezi wa nne, mvua za masika, epoksi ikakauka na utelezi juu kama wa sabuni, koti la pili likagoma kushika. Dawa ikawa kuosha kwa maji, kupiga msasa, kuanza upya.

Sasa nimekwama kwenye boriti mbili zinazokatiza juu ya mwili kushika ndubi. Chombo kikiungwa kina upana wa mita 3.2, geti langu mita 2.7. Lazima kifunguke, kipande kwa kipande, kipakiwe juu ya kenta hadi bwawa la Nyumba ya Mungu. Je, nipige bolti za milimita 12, au nifunge kamba? Nimefundisha bolti maisha yangu yote, kwa hiyo mnajua moyo wangu ulipo.

MtotoWaPangani

Shikamoo mwalimu. Funga kamba.

Ngalawa haina bolti hata moja pale boriti inapokalia mwili, na si kwa sababu babu zetu walikosa hela. Wimbi likipiga ndubi, boriti inataka kujinyonga. Kamba inaiachia kidogo kisha inairudisha. Bolti haiachii, nguvu yote inaishia kwenye tundu moja, na tundu lenyewe ndipo maji yanapoanza kuingia kwenye mbao zako. Weka kipande cha tyubu ya gari chini ya kamba isikwanguke. Usitumie naironi, ikilowa inavutika. Tafuta ya poliesta. Ukishazungusha boriti na mwili, pitisha mizunguko mitatu ya kukaba katikati ya ile ya kwanza. Hiyo ndiyo inayokaza.

Swali: ndubi moja ina lita ngapi?

FundiNgarenaro

Mzee mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Arusha, chombo cha majini nimepanda cha ziwa Duluti tu, kile cha kupiga kafi. Ila kamba?? Chukua bomba la maji la inchi 2, nikutengenezee vikombe vya kuchomekea na pini. Dakika kumi umefungua kila kitu.

MamaKiboriloni

Mwalimu, kuogelea unajua? Nauliza tu.

MwalimuMstaafu

Marahaba mwanangu wa Pangani. Mama, najua, na maboya mawili nimeshanunua kabla ya tanga.

Fundi, nimepiga hesabu ya bomba lako. Ni kama kilo 5 kwa mita, mita 3.2 mara mbili, zaidi ya kilo 30 za chuma juu ya chombo ninachotaka kisizidi kilo 120. Boriti nitaunda za mbao, boksi jembamba lenye uwazi ndani.

Ndubi ina lita 180. Mimi kilo 78, mjukuu 62, chombo 120. Jumla 260.

MtotoWaPangani

Basi chombo kikilalia upande, ndubi moja haiwezi kuwabeba nyote. Lita 180 za maji baridi ni kilo 180, ikizama yote imemaliza nguvu. Si kosa, ndubi za ngalawa zina nguvu ndogo kuliko hizo. Ila sisi upepo ukizidi mtu mmoja anatoka kukaa juu ya boriti upande wa upepo, na mshika demani (kamba ya kuvuta tanga) haifungi moja kwa moja, anaishika mkononi. Mfundishe mjukuu kuachia kabla hujamfundisha kuvuta. Upepo wa mchana pale bwawani si wa kuchezea.

MwalimuMstaafu

Nimerudi. Nimeunda viungo viwili kwa mabaki, kimoja bolti, kimoja kamba ya kuanikia nguo mizunguko minane, kila ncha nikaning'iniza mfuko wa saruji wa kilo 50 na kumwambia mjukuu autikise. Cha kamba kilisogea kama sentimita moja, kikatulia. Cha bolti kilitulia kabisa hadi tikisa ya ishirini hivi, tukasikia "ta!", ufa ukatoka kwenye tundu kufuata nyuzi za mti.

Naagiza poliesta ya milimita 6. Fundi Ngarenaro usinune, kuna kazi ya vyuma vya usukani, nitakuletea mchoro Jumamosi. Kamba ya nguo nimeirudisha ilipokuwa.