Ekzosi mpya, pikipiki yakohoa nusu ya eksileta: je, jeti itobolewe?

Mkaazi wa Chumbageni
Ndugu zangu, assalaam aleikum. Ninayo pikipiki ya cc 150 yenye kabureta, ambayo nimeifungia ekzosi iliyo wazi zaidi na eya klina inayopitisha hewa kwa wingi, nikitaraji iongeze nguvu. Hapa Tanga mjini inawaka na kutulia vizuri, ila nikifika nusu ya eksileta inakohoa, na plagi imekuwa nyeupe. Fundi anashauri tuipanue jeti kubwa, yaani kipande chenye tundu kuu la kupitishia petroli ndani ya kabureta, kwa kekee nyembamba. Mara kwa mara hupeleka mizigo Lushoto. Je, ushauri huo ni sahihi?

Fundi wa Ngamiani
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nakusihi usitoboe. Ni kweli kwamba petroli imezidiwa na hewa, lakini jeti kubwa hutawala hasa kuanzia robo tatu ya eksileta hadi mwisho, ilhali tatizo lako lipo katikati, ambako kiasi cha petroli huamuliwa na sindano iliyo ndani ya kabureta, ipandayo na kushuka kwa eksileta. Kwanza kagua mpira unaounganisha kabureta na injini, kwa kuwa ufa mdogo hapo huingiza hewa isiyopimwa na kuleta dalili hizo hizo. Mpira huo ukiwa mzima, hamisha kibanio cha sindano mfereji mmoja (mkato mdogo kwenye sindano) kuelekea chini, ili sindano yenyewe ikae juu zaidi na kuachia petroli. Kama haina mifereji, wosha nyembamba chini ya kichwa chake hufanya kazi hiyo.

Kuhusu kutoboa, tundu la jeti la milimita 0.95 likipanuliwa hadi 1.05, eneo lake huongezeka kwa takriban asilimia 22, ingawa kwa macho huoni tofauti. Tena kekee huacha mikwaruzo, na namba iliyochapwa kwenye jeti haina maana tena. Inaniuma sana kuona kabureta nzima zikiharibiwa hivyo, wakati jeti za namba zinazofuatana zinauzwa.

Dereva wa Mombo
Naongezea kuhusu Lushoto. Mji ule upo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10. Mpangilio unaofaa Tanga utazidisha petroli ukishapita Soni, njiani kwenda Lushoto, nawe utaona nguvu zikipungua. Hata hivyo, vumilia hali hiyo. Ukiipunguza petroli huko juu kisha ukateremka pwani bila kuirudisha, injini itachemka na pistoni yaweza kuungua.

Mkaazi wa Chumbageni
Nashukuru sana. Nitajuaje kwamba sindano imekaa mahali pake?

Fundi wa Ngamiani
Funga plagi mpya, kwani ya zamani hubeba rangi ya safari zilizopita. Endesha mahali tambarare, eksileta ikiwa nusu, kisha kamata klachi na uzime injini papo hapo, usiiache ingurume. Plagi ikiwa ya kahawia hafifu, umepata. Ikiwa na masizi, shusha sindano. Ikiwa bado nyeupe, pandisha sindano mfereji mwingine. Rudia jaribio hilo eksileta ikiwa imefunguka yote, na weupe ukionekana huko pia, ndipo ununue jeti kubwa ya namba inayofuata kwa ukubwa.