Naomba ushauri: maduka ya pembejeo yamekubaliana bei ya salfa, nianzie wapi?
Wakuu, habari za leo. Niko Newala, nalima korosho. Huu ndio msimu wa kupulizia, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, haumsubiri mtu. Maduka yote ya pembejeo hapa mjini yamepandisha bei ya salfa, dawa ya kuuzuia, siku moja, sawasawa mpaka shilingi ya mwisho. Muuzaji mmoja kaniambia wazi, "Tumekubaliana, hata ukienda kwa jirani ni hiyohiyo." Risiti nayo mpaka mgombane.

Najua Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei, na msimamizi wake ni FCC, yaani Tume ya Ushindani. Kinachoniuma ni wazee wenye mikorosho michache, wameacha kupulizia kabisa. Je, malalamiko ya mkulima mmoja yanapokelewa, au tukusanyane? Nianze kwa afisa biashara wa wilaya? Aliyewahi kufuatilia anielekeze, tafadhali.