Ramani yetu wenyewe, wachezaji sita: Freeciv, Wesnoth au Unciv?

MchoraRamani

Wakuu, salaam. Tuko sita, tunacheza michezo ya mikakati ya zamu kwa zamu, na ramani za kubahatisha zinazotengenezwa na kompyuta zimetuchosha. Nimechora yangu kwenye karatasi ya miraba, 60 kwa 40: visiwa sita vimezunguka bahari ya ndani, na katikati kuna kisiwa cha saba chenye chuma na farasi ambacho kila mtu atakitolea macho.

Hali yetu ni hii. Wanne wana kompyuta, wawili wana simu za Android tu. Kukutana wote hewani kwa saa kadhaa ni vigumu, labda mara moja kwa wiki. Bajeti hakuna, ndiyo maana nimebaki na michezo mitatu ya bure: Freeciv, Battle for Wesnoth na Unciv.

Naomba mnilinganishie kwa mambo matatu. Ramani yangu itawafikiaje wenzangu? Nani anabeba seva? Na mtu akipotea katikati ya mchezo, inakuwaje? Nawasilisha.

MzeeWaZamu

Mkuu, mimi ningeanza na swali ambalo hukuliuliza: zamu zenu zitakwendaje? Hapo ndipo michezo hii mitatu inapotengana, na hayo mengine yote yanafuata.

Kwenye Freeciv, mpangilio wa kawaida ni wote kuhamisha vikosi kwa wakati mmoja, saa ikihesabu, kisha zamu inafungwa kwa wote. Watu sita au kumi na wawili, kusubiri ni kulekule. Wesnoth ni mmoja baada ya mwingine: mimi nacheza, nyinyi mnaangalia. Kwa wawili ni raha tupu. Kwa sita utakaa unatazama zamu tano za wenzako ndipo ufikiwe, na mtu mmoja mwenye kufikiri sana anawalaza wote. Unciv nayo ni mmoja mmoja, ila haikulazimishi uwepo. Ukimaliza zamu, hali ya mchezo inapelekwa kwenye seva, mwenzako anaarifiwa kwenye simu, anacheza akipata nafasi.

Mmesema kukutana ni kazi. Kwangu hilo pekee linaiondoa Wesnoth kwa watu sita, ingawa ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Kitasa

Nijibu la seva, maana nimeona vikundi vingi vikikwama hapa kabla hata ya zamu ya kwanza.

Freeciv: mmoja wenu anaendesha seva, na poti yake ya kawaida (namba ya mlango wa kuunganikia) ni 5556. Ramani inakaa kwenye seva tu. Wenzako hawapakui chochote, wanaunganika na kuletewa. Amri ni fupi:

`freeciv-server -f visiwa.sav -p 5556`

Tatizo ni kufikika kutoka nje. Kama ruta ni yako, unaielekeza poti hiyo kwenye kompyuta yako na mambo yanakwenda. Lakini watoa huduma wengi wa intaneti, hasa ya simu, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Hapo utahangaika na ruta usiku kucha bila mafanikio, kwa sababu mlango wenyewe hauko kwako. Dawa ni kukodi seva ndogo, au wote kuingia kwenye mtandao wa faragha kama ZeroTier.

Wesnoth: michezo hupitia seva yao rasmi, kwa hiyo ruta yako huigusi kabisa. Kwa urahisi huu haina mpinzani.

Unciv: seva ni ghala la faili tu. Kila mchezaji ana kitambulisho chake, anakinakili na kumpa anayeandaa mchezo, naye anakibandika kwenye nafasi ya kila mmoja anapouanzisha mchezo. Mkitaka seva yenu wenyewe, ipo, ni faili moja ya Java.

Jambo moja linahusu zote: toleo liwe moja. Kwenye Freeciv, mwenye 3.0 haingii seva ya 3.1, na ujumbe unaotokea hausaidii sana mtu ambaye hajawahi kuuona.

Nahodha_wa_Pembesita

Nimtetee Wesnoth kidogo, maana kwa mtu anayechora ramani hakuna kihariri kinachopendeza kuliko chake. Na faili lenyewe ni maandishi matupu, unaweza kulifungua kwenye programu ya maandishi kama Notepad ukasoma ardhi kama unavyosoma jedwali:

`Ww, Ww, Gg, Gg^Vh, Hh, 1 Kh, Ch`

Maji ya kina kifupi mara mbili, nyasi, kijiji juu ya nyasi, kilima, kisha ngome kuu ya mchezaji wa kwanza na ua wake wa kuajiria askari. Mstari mmoja huo umekupa pwani nzima. Ukikosea kituo cha kuanzia, unabadili namba tu. Na ukiandaa mchezo kwa ramani yako, wenzako wanaipokea papo hapo bila kupakua kitu.

Ila MzeeWaZamu kasema kweli, sita ni wengi. Tena Wesnoth ni vita tu, haina kujenga miji wala kufanya utafiti. Kisiwa chako cha chuma na farasi hakitakuwa na maana humo, kitakuwa vijiji vya dhahabu tu.

MchoraRamani

Asanteni sana wote. Basi Wesnoth nimeiweka pembeni, tutaichezea tukiwa wawili wawili. Swali kuhusu Freeciv: nimesikia kwamba kama wote wanahamisha kwa pamoja, mwenye vidole vyepesi anashinda. Ni kweli?

MzeeWaZamu

Ni kweli usipoizuia. Ujanja wenyewe ni huu: mtu anasubiri sekunde za mwisho za zamu, anasogeza jeshi hadi ukutani kwako, zamu inageuka, na kabla hujashika kipanya anasogeza tena na kushambulia. Umepigwa mara mbili mfululizo bila kupumua. Niliwahi kupoteza mji mkuu hivyo, na rafiki niliyecheza naye hakuwa amevunja kanuni yoyote, kwa sababu hatukuwa tumeiweka.

Kuna mpangilio unaitwa `unitwaittime`. Unaweka muda ambao kikosi lazima kisubiri kati ya tendo la mwisho la zamu iliyopita na la kwanza la zamu mpya. Zamu za dakika tatu, weka sekunde 30 hivi. Ongeza `timeout` kwa urefu wa zamu, na `/set saveturns 1` ili seva ihifadhi kila zamu. Hiyo ya mwisho usiisahau hata kama umesahau nyingine zote. Umeme ukikatika unaanzia ulipoishia.

Kuhusu anayepotea: Freeciv ina `autotoggle`, ukiiwasha kompyuta inashika nafasi yake hadi arudi. Unciv, mtu akijiuzulu, taifa lake linachukuliwa na kompyuta. Lakini asipojiuzulu na wala asicheze, foleni nzima inasimama kwake, na huo ndio udhaifu wake mkubwa. Kubalianeni mapema: zamu ikikaa kwa mtu siku mbili, anafanywaje?

BintiHesabu

Samahani kwa kuingia nimechelewa. Naona watu wanazungumzia seva na hakuna aliyeigusa ramani yenyewe, wakati ramani mbovu inaua mchezo kuliko seva mbovu.

Kaka MchoraRamani, kwenye Unciv kanuni zinafuata zile za mchezo wa Civilization V. Vikosi vya nchi kavu haviingii majini mpaka ugundue teknolojia ya Optics, na hapo ni maji ya pwani tu. Bahari kuu inasubiri teknolojia ya Astronomy, ambayo iko mbali sana mbele. Sasa itazame bahari yako ya ndani. Ukiipaka yote kuwa bahari kuu, kisiwa cha saba kitakaa bila mtu kwa sehemu kubwa ya mchezo, na kila mmoja atajenga kivyake bila kuonana na jirani. Ukiipaka yote maji ya pwani, watafika mapema mno na vita vitaisha kabla miji haijakua. Mimi ningeweka njia tatu nyembamba za maji ya pwani, kila njia inahudumia visiwa viwili. Hapo Optics inakuwa mbio, na majirani wawili wanalazimika kuelewana au kupigana mlangoni. Kwenye Freeciv mtego ni uleule: meli ya kwanza, Trireme, haiwezi bahari ya kina, kwa hiyo panda visiwa vidogo vya kupitia.

Kisha pima. Usipime kwa jicho. Kwa kila kisiwa hesabu vigae (vipande vya ramani) kutoka sehemu ya kuanzia hadi kisiwa cha saba, idadi ya vigae vya chakula kizuri ndani ya hatua tatu za mji wa kwanza, na kama kuna mto. Andika safu sita. Safu moja ikizidi nyingine kwa mbili au tatu, rekebisha.

Na kumbuka Unciv ni pembesita, si miraba. Karatasi yako haitahamia kama ilivyo, umbali utabadilika.

MchoraRamani

Dada BintiHesabu, umeniokoa. Nimehesabu usiku huu. Kisiwa cha kaskazini kilikuwa na hatua 9 hadi katikati, cha kusini 14, na sikuwa nimeliona hilo hata siku moja kwa sababu kwenye karatasi vinaonekana sawa. Kaskazini pia kulikuwa na mto na ngano mbili, kusini hakuna kitu.

Tumekubaliana Unciv, simu mbili ndizo zilizoamua. Ramani naichora upya humo ndani, kisha nitaicheza peke yangu zamu 50 kwenye kifaa kimoja, nikishika mataifa yote sita, nione nani anakwama. Zamu ikikaa saa 48 mtu anapigiwa simu, akishindwa mara mbili anajiuzulu.

Kitasa

Sawa kabisa. Kabla ya kuanzisha, hakikisha mods (nyongeza zinazobadilisha mchezo) ni zilezile kwa wote kama mnatumia yoyote. Ramani inasafiri ndani ya faili la mchezo, mods hazisafiri. Na hilo faili lina hali nzima ya mchezo, hata sehemu ambazo wewe huzioni kwenye skrini, kwa hiyo chezeni na mnaoaminiana.

BintiHesabu

Ukimaliza zile zamu 50 tuletee safu zako sita, pamoja na zamu ambayo kila taifa lilifika kisiwa cha saba.