MNAOWAUZIA WANAOANZA VEPU ZA MEKANIKA, MNATUUNGUZIA WADOGO ZETU

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nikiteleza kwenye lugha mnivumilie. Kwenye hoja sitelezi, maana umeme ndiyo kazi yangu, nafungua redio na simu za watu kila siku.

Jumamosi iliyopita mdogo wangu ameungua mkono wa kulia, kiganja chote na vidole vitatu. Ana miaka 22. Fegi alianza akiwa chuo, na mimi ndiye niliyemsihi aziache, akahamia kwenye vepu ndogo, yaani sigara ya umeme, ile ya kuchaji kwa waya wa simu. Akakaa nayo mwezi mmoja. Siku hiyo akaingia duka moja mjini kununua juisi ya vepu tu. Muuzaji akamtolea vepu ya mekanika, bomba la shaba, zito, linang'aa, akampulizia wingu limejaa chumba. Dogo akauliza swali la maana kabisa: "Bro, mimi ndiyo naanza, hii naiweza?" Akajibiwa hivi, na dogo ananiapia kwamba ni neno kwa neno: "Umeshatumia mwezi, unaiweza. Hii ni rahisi kuliko hiyo yako, haina hata setingi."

Haina setingi! Hiyo ndiyo sababu ya kutompa!

Kwa wasioijua: vepu ya kawaida ina bodi ndani, yaani saketi ndogo ya umeme. Ile bodi inapima koili, ule waya unaopata moto na kugeuza juisi kuwa mvuke, kabla ya kuiwasha. Ikikuta shoti, inakataa. Betri ikiisha, inazima. Ukibonyeza muda mrefu, inakata yenyewe. Sasa ya mekanika haina hata kimoja kati ya hivyo. Ni bomba, betri, na kitufe cha springi chini. Ukibonyeza, betri imeungana moja kwa moja na koili, na kinachoamua umeme kiasi gani upite ni koili uliyofunga kwa mkono wako. Kazi yote ya ile bodi inahamia kichwani mwa anayevuta. Kama kichwani hamna kitu, hakuna kingine cha kumlinda.

Hesabu yenyewe tulifundishwa sekondari: volti gawanya kwa omu, unapata ampia. Betri ya 18650, ile ya mviringo inayoingia kwenye bomba hilo, ikijaa ina volti 4.2. Koili aliyofungiwa dogo pale dukani nimeipima mwenyewe kwenye vepu yangu yenye bodi, imesoma omu 0.14. Piga: ampia 30. Betri za kampuni zinazoaminika, zilizotengenezwa kwa kazi nzito, nyingi zinabeba kati ya ampia 15 na 30 mfululizo. Kwa hiyo hata angepewa betri bora kuliko zote alikuwa ukingoni kabisa tangu pumzi ya kwanza. Na hakupewa bora. Alipewa yenye ganda jekundu lisilo na jina la kiwanda, limeandikwa "40A" kwa maandishi makubwa. Ukitaka kujua hayo maandishi yana thamani gani, nenda kaangalie betri za tochi zinazouzwa Kariakoo, utakuta imeandikwa chaji ya mAh 9800 wakati 18650 nzuri kabisa inacheza kwenye 3000, 3500 hivi. Ganda la plastiki linachapishwa chochote anachotaka mchapaji.

Lakini wala siyo ampia 30 zilizomuunguza. Hapa ndipo nataka wauzaji wasome taratibu.

Lile bomba ni la aina ambayo kichwa, ile sehemu ya juu inayobeba koili, kinakaa moja kwa moja juu ya betri, hakuna kitu katikati. Kichwa kina pini ya katikati, hiyo ni chanya, na pembeni yake kuna nyuzi za kufungia, kama za skrubu, hizo ni hasi. Kwenye bomba la aina hii pini lazima ichomoze chini ya nyuzi, ionekane kwa macho, ili betri iguse pini peke yake. Kichwa alichouziwa, cha bei nafuu, pini yake iko sawasawa na nyuzi. Nimeipitishia ukucha, haukwami popote. Maana yake juu ya betri iligusa pini na nyuzi kwa pamoja. Siku akibonyeza kitufe, umeme hauna haja ya kupita kwenye koili, unazunguka kwenye bomba lenyewe. Shoti kamili.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kule dukani muuzaji alimwonyesha kwa kichwa chake yeye, kikafanya kazi vizuri. Dogo kaja nyumbani, kafunga cha kwake, kabonyeza, hakuna mvuke. Mtu anayeanza akiona hakuna mvuke anafanya nini? Anabonyeza zaidi! Alikaa nayo sekunde kadhaa anaiangalia, kidole kimekazana, anadhani betri haijagusa vizuri. Akasikia bomba linapata moto. Akaachia kitufe, kitufe hakikurudi, springi ilishalegea kwa joto. Mimi nilikuwa sebuleni, nikasikia mlio kama wa jiko la gesi lililofunguliwa bila kuwashwa, halafu harufu tamu-tamu inayokaba koo. Nilipoingia chumbani moshi mweupe ulikuwa unatoka kwa nguvu kwenye vitundu viwili vya chini, na dogo amelikamata bomba mkononi ili alitupe nje, kwa sababu lilikuwa limeangukia godoro. Ngozi ya kiganja ilibaki kwenye shaba. Sitasahau.

Vile vitundu viwili ndivyo vilivyotuokoa, gesi ilipata pa kutokea. Kuna mabomba yanauzwa hayana hata kimoja. Betri ikimwaga gesi ndani ya bomba la chuma lililozibwa pande zote, hiyo ni nini kama siyo bomu? Mei 2018, St. Petersburg kule Florida, mwanamume wa miaka 38 aliuawa na vepu ya aina hiyohiyo, isiyo na bodi, vipande viliingia kichwani. Januari 2019, Fort Worth, Texas, kijana wa miaka 24 vepu ikamlipukia, kipande kikakata mshipa mkubwa wa shingo, akafa. Hizi habari zilitangazwa dunia nzima, na anayeuza bidhaa hii kila siku hana sababu ya kutozijua.

Sasa nije kwenye mabishano ya humu jukwaani. Kila mgeni akiuliza "nahitaji uzoefu wa muda gani kabla ya meki", yaani vepu ya mekanika, mnaanza mnada. Mmoja miezi mitatu, mwingine sita, mwingine mwaka. Acheni! Miezi haihusiani. Ninamfahamu mtu ana miaka mitano na vepu yenye skrini, namba zote anasomewa, na hajui omu ni mnyama gani. Huyo mkimpa meki kesho ataungua kama dogo. Na kuna kijana alikuwa kwangu anajifunza ufundi, wiki tatu tu, huyo ningemwachia, kwa sababu kabla ya kuunganisha chochote mkono wake unakwenda kwenye mita bila kuambiwa.

Mwulizeni mteja anachoweza kufanya. Anaweza kukupigia hesabu ya ampia kwa koili hii, hapo kaunta, bila kutoa simu? Anajua kwamba chuma cha betri chini ya ganda la plastiki, ubavu wote, ni hasi, na kwamba ganda likichanika hata kidogo karibu na ile duara ya juu haifai kuingia kwenye bomba la chuma? Ana kifaa cha kupima omu, na anapima kila akifunga koili mpya na kila akibadili kichwa, siyo siku ya kwanza tu? Anajua aache betri ikifika volti ngapi wakati hakuna bodi ya kuizima? (Mimi nabadili kwenye 3.4, wengine wanashuka hadi 3.2, chini ya hapo mnaitesa.) Anafunga kitufe kabla ya kuiweka mfukoni? Akishindwa moja, muuzie yenye bodi. Pesa utapata vilevile!

Na betri za akiba msiwape watu mkononi kama pipi. Idara ya zimamoto ya serikali ya Marekani ilihesabu matukio 195 ya vepu kuwaka au kulipuka kati ya 2009 na 2016, na katika 61 kifaa au betri ilikuwa mfukoni. Funguo mbili na sarafu vinatosha kuipiga shoti. Kikasha cha plastiki cha kuwekea betri ni bei ya soda, mpeni mteja bure kama mnamjali.

Nilikwenda dukani Jumatatu, nikamwekea lile bomba juu ya kaunta, limebadilika rangi, bado lina kipande cha godoro. Akaniambia "alifunga vibaya". Nikamwuliza, ulimfundisha kufunga? Kimya. Nikamwuliza pini ya hicho kichwa inatakiwa kuchomoza kiasi gani. Hajui! Anauza na hajui! Na vichwa viwili kama hicho bado viko kwenye kabati la kioo nyuma yake.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Wanaouliza hali ya dogo, anaendelea, bandeji inabadilishwa kila baada ya siku mbili, kidole cha kati bado hakikunji. Aliyeandika "angeungua hata na pasi", sikujibu.

Kuna mmoja kanitumia picha kwa faragha anauliza kama betri yake iko salama. Ganda limekunjuka juu, chuma kinaonekana upana wa punje ya mchele. Nimemwambia aitoe sasa hivi, aiweke kwenye chombo cha udongo mbali na pazia, kesho aje nayo kwangu nimvalishe ganda jipya bure. Mwingine mwenye betri ya namna hiyo naye aje. Chukua namba kwa faragha, na usiibebe mfukoni ukija.