Mfumo wa kusajili kozi kugoma kila mwanzo wa muhula: tumlaumu nani?

Kitunguu Saumu: Wakuu, nina mdogo wangu yuko mwaka wa pili chuo kimoja cha serikali, jina naliacha. Dirisha la kusajili kozi linafungwa Ijumaa, na tangu Jumatatu ukurasa unazunguka tu. Akibahatika kuingia anachagua kozi zake za hiari, anahifadhi, anarushwa nje. Akirudi anakuta nusu zimo, nusu hazimo. Ofisini wanamwambia "jaribu usiku". Na asiyesajiliwa jina halitokei kwa mwalimu, mtihani hafanyi. Kwa nini adhabu imwangukie mwanafunzi wakati mfumo si wake?

Mzee Ndago: Kizazi cha kulalamika. Sisi tulizunguka na fomu idara kwa idara, mkuu wa idara kasafiri, njoo kesho, na hatukulia. Nyie mnasajili kozi mmejifunika shuka bado kelele. Mfumo ukigoma nenda steshenari, buku tu wanakumalizia.

binti_makorora: Shikamoo mzee wangu. Fomu yako ilikuwa na muhuri, ukibishiwa unaitoa. Mimi niliambiwa "mfumo haukuoni", nikaonyesha skrinishoti, wakasema skrinishoti hata mtoto anatengeneza. Na steshenari usizipigie debe. Ya getini kwetu jamaa ana kaunta buku: namba ya usajili, nywila, namba ya simu, mstari kwa mstari, iko wazi juu ya mashine ya fotokopi. Nimesubiri kitambulisho kilaminetiwe huku nasoma nywila za watu.

Chengelele: Huyo wa kaunta buku ni wa kushtakiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, imeanza kutumika 2023.

Sindbad wa Kona: Chengelele acha kututishia na sheria. Mimi nina steshenari, si hiyo ya dada, nyingine. Wanafunzi wenyewe ndio wanasahau nywila halafu wanarudi kuniuliza mimi! Nisipoandika nitawasaidiaje? Saa nane usiku niko macho nawasajilia watu kwa bando langu na umeme wangu, asubuhi naitwa mwizi.

binti_makorora: Hakuna aliyekuita mwizi kaka. Ila mwenye nywila yangu anaweza kunifutia kozi.

Sindbad wa Kona: Nikufutie ili nipate nini? Hata unasoma nini sijui. Dharau za wasomi hizi.

Mzee Ndago: Kijana anajituma mnamsakama. Hapo hapo mnalia hakuna ajira.

binti_makorora: Mzee, kwa heshima zote, wewe ulisoma serikali inakulipia. Bodi ya Mikopo imeanza kazi 2005, sisi tunatoka na deni kabla ya cheti. Usitufananishe.

Mzee Ndago: Nani kakwambia nililipiwa? Mimi nimechangia ada miaka ya tisini, baba kauza ng'ombe. Uliza kwanza, binti.

Kitunguu Saumu: Jamani, mada ni mfumo. Ng'ombe wametokea wapi?

Ngedere Mtulivu: Niliwahi kufanya mafunzo kwa vitendo kitengo cha TEHAMA cha chuo fulani. Dirisha linafunguliwa siku moja kwa miaka yote. Watu wakiona inazunguka wanarifreshi, na kila ukirifreshi ni ombi jipya kwenye seva iliyokwisha kuelemewa. Wakitenga siku, mwaka wa tatu Jumatatu, wa pili Jumanne, seva hiyo hiyo inaweza kutosha. Kubwa zaidi ni malipo. Umelipa ada kwa kontrol namba, benki wamepokea, upande wa chuo bado unasoma deni, kozi hazifunguki. Mwenye mkopo ndiyo kabisa: fedha haitoki mpaka asajiliwe na kusaini, na chuo hakimsajili mpaka kione ada.

Chengelele: Kwa hiyo ulikuwepo ukaiangalia seva inakufa?

Ngedere Mtulivu: Mkuu, nilikuwa natumwa kubadilisha wino wa printa.

Mama Neema Kibaha: Mimi mzazi naona TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wayachukue yote, kama zamani walivyokuwa wakidahili wao.

Chengelele: Mama, udahili wa pamoja ulianza 2010, 2017 ukaondolewa, watu wakarudi kuomba chuoni moja kwa moja. Unataka sasa nchi nzima igome siku moja?

Mama Neema Kibaha: Mwanangu, ikigoma nchi nzima wataitengeneza. Ikigoma chuo cha mwanangu peke yake nani anajali?

Sindbad wa Kona: Mama kaongea. Na kaunta buku yangu naifunga kwenye droo, kwa taarifa yenu.

binti_makorora: Droo yenye kufuli?

Sindbad wa Kona: Dada una nini na mimi?

Kitunguu Saumu: Mfumo umerudi. Dogo ameingia, kozi moja inaandika imejaa.

Mzee Ndago: Si mlipoteza muda humu.