Award BIOS kwenye Pentium ya zamani: IRQ uziache "Auto" au uzipange kwa mkono?

Kichwa486: Wakuu, naomba ulinganisho. Pentium MMX, Award BIOS (programu ya bodi inayoandaa vifaa mashine inapowaka), Windows 98 na DOS. Kadi ya sauti ni Sound Blaster 16 ya ISA (sloti ya zamani), ya jampa (vipini vya kupanga kwa mkono kwenye kadi): anwani 220, IRQ 5 (namba ambayo kadi hutumia kuiita prosesa), DMA 1 na 5 (njia za kupitisha data kwenda kumbukumbu bila prosesa). Kadi ya mtandao ni ya PCI (sloti mpya zaidi ya ISA). Tangu hiyo ya mtandao iingie, michezo ya DOS inarudiarudia kipande kimoja cha sauti kisha mashine inaganda. Kipi bora: "Auto", kupanga kwa mkono, au "PNP OS Installed: Yes" (PnP ni vifaa vinavyopangwa na mashine yenyewe) Windows ijipangie?

fundi_bodi: Sauti kujirudia ni dalili ya IRQ. Ingekuwa anwani, mchezo usingeiona kadi kabisa. Ingekuwa DMA, ungesikia mikwaruzo au kimya. Kadi ya jampa haiwezi kujitambulisha kwa BIOS, kwa hiyo ukiwa "Auto" namba 5 inaonekana iko wazi na inapewa kadi ya mtandao. Kadi za PCI huweza kutumia IRQ moja kwa pamoja; hizi za ISA haziwezi.

Panga kwa mkono, ila namba za kadi ya sauti tu. Bonyeza Del mashine inapowaka, ingia "PnP/PCI Configuration", weka "Resources Controlled By" kuwa Manual. IRQ-5, DMA-1 na DMA-5 ziwe "Legacy ISA", yaani zimetengewa kadi ya zamani. Nyingine ziache "PCI/ISA PnP". "Reset Configuration Data" iwe Enabled, la sivyo mgao wa zamani unaweza kubaki kwenye jedwali. Kisha F10 kuhifadhi. Ikiwaka, bonyeza Pause kwenye orodha ya vifaa vya PCI usome kadi ya mtandao imepata namba gani.

Bi_Nyaya: Naongezea kuhusu "Yes". Inafaa pale mashine ina Windows 98 peke yake na kadi zote ni PnP, maana BIOS hupanga vifaa vya kuwashia tu na kuiachia Windows vilivyobaki. Ukiingia DOS hakuna wa kuvipanga. Kwako wewe weka No, bila kusita.

sloti_nyeusi: Msizidishe kutenga. IRQ 3 na 4 ni za poti za serial, 7 ya printa, 12 ya mausi ya PS/2, 14 na 15 za diski. PCI wanabakiwa na 9, 10 na 11 tu. Ukibanwa, nenda "Integrated Peripherals", zima poti ya pili ya serial, upate 3. Angalia na poti ya printa: ikiwekwa ECP (namna mojawapo ya kupitisha data) inachukua DMA, mara nyingi 3, lakini bodi nyingine huipa 1, na hapo inagongana na sauti yako. Namna nyingine, EPP, haitumii DMA.

Kichwa486: Na nikitoa ISA nikaweka kadi ya sauti ya PCI?

fundi_bodi: Kwa Windows ni nafuu. Kwa DOS nyingi huhitaji programu ya kuigiza SB16, inakula kumbukumbu na baadhi ya michezo huikataa. Baki na ISA, na AUTOEXEC.BAT (faili linalosomwa DOS inapowaka) iwe na:

SET BLASTER=A220 I5 D1 H5 T6

Bi_Nyaya: Saa ikirudi nyuma kila ukizima, badilisha betri kwanza, kwa kawaida CR2032. Ikifa, mipangilio yote hii ya BIOS inapotea.