UZI WA MALALAMIKO: Kifuniko kulia "tak" siyo kuziba. Wauza vifuniko vya chupa mnatumaliza wajasiriamali

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni mrefu na nina hasira. Nimekaa siku nne bila kuandika ili nisije nikatukana mtu. Hasira haijashuka, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Natengeneza shampuu, sabuni ya maji ya mikono na mafuta ya nazi ya nywele hapa Dar. Sina kiwanda, nina chumba cha uani, mapipa mawili, mizani na mabinti wawili wanaonisaidia. Wiki mbili zilizopita nilipata oda kubwa kuliko zote za mwaka huu. Mama mmoja mwenye saluni Njombe alitaka katoni sita za shampuu ya mchaichai, chupa 24 kila katoni, za mililita 250. Jumla chupa 144. Vifuniko ni vile vya bawaba, vya kufunua kwa kidole gumba. Nilivifunga kwa mkono wangu kimoja kimoja, nikabonyeza kila kimoja mpaka kikalia tak. Nikapanga, nikapiga selotepu, boda akapeleka stendi ya Mbezi usiku.

Kesho yake jioni mama akanipigia kwa video. Hakusema neno, alinionyesha tu. Boksi la chini lilikuwa limelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Alipolishika pembeni, karatasi ikabaki mkononi mwake. Chupa zimegandana, wino wa lebo umechuruzika, na kila penye bawaba kuna povu jembamba limekauka nusu. Tukahesabu pamoja. Chupa 61 zimevuja, nyingine robo, nyingine karibu nusu. Na shampuu haikuishia kwenye mzigo wangu. Chini yake kulikuwa na kiroba cha unga cha abiria. Nikalipa unga, shilingi 38,000, na sikubishana, maana mwenye unga hana kosa lolote.

Chukua 61 zidisha kwa 4,500. Shilingi 274,500 zimemwagika kwenye buti la basi. Faida ya oda nzima imekwenda na deni la chupa bado lipo.

Nikarudi Kariakoo dukani nilikonunua vifuniko. Duka silitaji. Jibu la kwanza: "Dada, hujui kukaza." La pili: "Mbona wenzako hawalalamiki?" La tatu ndilo lililoniuma mpaka leo. Akachukua kifuniko, akakifunga mbele ya uso wangu, tak, akaniuliza: "Si kinalia?"

Kinalia ndiyo! Sikununua filimbi, nilinunua kizibo!

Usiku ule nikachukua vifuniko ishirini vilivyobaki kwenye mfuko nikavikagua kwa tochi ya simu. Kifuniko cha aina hii ukikifunua utaona tundu la kutolea. Upande wa ndani wa kile kipande kinachofunuka kuna kijiti kifupi. Hicho kijiti ndicho kizibo chenyewe. Kinatakiwa kiwe kinene kuliko tundu, kwa kiasi cha unene wa unywele tu, ili kikiingia kijibane pande zote. Sasa ukingoni kabisa kuna kidomo kingine kidogo kinachonasa kwenye kitako, yaani ile sehemu ya chini ya kifuniko inayokaa kwenye chupa. Kidomo ndicho kinacholia tak. Kazi yake ni kushikilia kifuniko kisifunuke, basi. Tak ni sauti ya komeo, na komeo halizuii maji kupita chini ya mlango.

Jirani yangu mchonga vyuma akaniazima kalipa, kile kifaa cha kupimia unene na upana wa vitu vidogo. Kijiti milimita 3.0. Tundu milimita 3.1. Kijiti kinaelea ndani ya tundu! Vingine vilikuwa vibaya zaidi: tundu limekaa umbo la yai, ukipima huku 3.0, ukipima huku 3.2. Na kwenye vifuniko saba, ukipitisha kucha ukingoni mwa tundu unakwaruzwa na vijindevu vya plastiki iliyozidi. Kijiti kikiingia kinapanda juu ya vile vijindevu, kinaacha njia. Viwili vilikuwa na kijiti kilichobonyea ubavuni. Jirani alivitazama mara moja tu akasema hii kalibu, yaani umbo la kumiminia plastiki, imechoka, na plastiki imetolewa kabla haijapoa. Mtu wa vyuma, hajawahi kuuza kifuniko maishani mwake, ameliona kwa dakika moja. Wewe unayeviuza kwa maelfu hujawahi kuangalia?

Muuzaji alinifanyia pia jaribio la maji. Akajaza chupa maji, akaipindua, halikudondoka tone, wateja wengine dukani wakaniona mwongo. Wakuu, lishikeni hili maana wengi tunadanganywa hapa. Maji matupu yana kama ngozi juu yake, ndiyo maana tone linasimama na mdudu anatembea juu ya dimbwi. Kwenye upenyo mdogo ile ngozi inashikilia, maji hayapiti. Sabuni inaivunja hiyo nguvu hadi chini ya nusu. Ndiyo kazi yake, ndiyo maana inasafisha. Kitu kilichotengenezwa kipenye kwenye uchafu wa nguo kitashindwaje kupenya sehemu ya kumi ya milimita? Kifuniko cha shampuu kinajaribiwa kwa shampuu. Anayekujaribia kwa maji hajakujaribia kitu.

Halafu kuna safari yenyewe. Mliowahi kupanda basi la kwenda nyanda za juu na pakiti ya krispi mmeona inavyovimba mkishapanda Kitonga. Chupa yangu imefungwa Dar, usawa wa bahari. Njombe ni karibu mita 2,000 juu, na hewa ya kule inakandamiza pungufu kwa karibu moja ya tano. Ile hewa iliyobaki juu ya shampuu ndani ya chupa inataka kutanuka kwa kama robo yake. Chupa imelazwa, kwa hiyo kilicho mdomoni siyo hewa, ni shampuu. Hewa inaisukuma shampuu, shampuu inatafuta mlango, na mlango upo. Ongeza joto la buti mchana kutwa. Hakuna muujiza hapo, ni mambo yanayojulikana, na viwanda vinavyojua kazi huilaza chupa ndani ya chombo kinachonyonywa hewa kabla ya kuruhusu kifuniko kiuzwe. Mtengenezaji wa kifuniko hana ruhusa ya kufikiria chupa itasimama wima kwenye kabati maisha yake yote. Itasafiri. Italala. Itakaliwa na begi la mtu.

Kuhusu "hujui kukaza". Kwanza, chupa zangu hazikuvuja penye meno ya shingo, pale kifuniko kinapozungushiwa, zilivuja juu, kwenye tundu. Hata ningekaza kwa koleo. Pili, plastiki ikikazwa inalegea yenyewe baada ya saa kadhaa, kwa hiyo anayepima uimara wa kukaza anapima kesho yake, siyo dakika ileile. Na ukizidisha nguvu, kifuniko kinaruka jino na ndiyo umekiharibu moja kwa moja.

Hata saizi hawajui. Unaomba "milimita 28" unapewa chochote chenye 28. Shingo ya 28/400, ya 28/410 na ya 28/415 zina upana uleule lakini idadi ya mizunguko ya meno ni tofauti: mmoja, mmoja na nusu, miwili. Shingo ya chupa ya soda nayo ni 28, na meno yake ni mengine kabisa. Ukichanganya, kifuniko kinaingia, kinazunguka, mkono unahisi kimefika, kumbe chini hakijakalia. Nimekuta vya aina mbili ndani ya mfuko mmoja. Mfuko mmoja, jamani!

Bawaba nayo. Plastiki inayofaa bawaba ya namna hii ni polipropilini, ile yenye namba 5 ndani ya pembetatu. Ikitengenezwa sawasawa, pale panapokunjika pana wembamba wa chini ya nusu milimita na panafunuliwa maelfu ya mara bila kukatika. Vyangu nilivikunja nikihesabu. Mara ya tatu mstari mweupe. Mara ya kumi na moja kimoja kikabaki mkononi. Ukiona weupe pale kwenye mkunjo mapema hivyo, ujue plastiki imechanganywa au imemiminwa vibaya. Bawaba ikishachoka, kijiti hakirudi tena katikati ya tundu, kinaingia kwa ubavu. Kwa hiyo hata kifuniko kilichokuwa kinaziba siku ya kwanza kitavuja mwezi ujao bafuni kwa mteja, na jina lililo kwenye lebo ni langu, siyo la muuza kifuniko.

Najua kuna mtu ataniambia weka foili, ile ya kubandika kwenye mdomo wa chupa chini ya kifuniko. Naijua foili, na mashine yake ya mkononi naijua, na najua kwamba foili ya chupa ngumu ya namba 2 haishiki kwenye chupa angavu ya namba 1. Foili inaniokoa mimi barabarani. Haimwokoi mteja. Akishaibandua siku ya kwanza amebaki na kijiti na tundu. Yule dada anayetia shampuu kwenye mkoba pamoja na simu, vitambulisho na nguo za kazini, ndiye anayenipigia akilia, na ana haki.

Mafuta ya nazi ndiyo balaa zaidi kwa sababu yanaficha. Chini ya nyuzi joto 24 hivi yanaganda, kwa hiyo kwenye baridi unaona kila kitu kizima, unasifia kifuniko. Yakirudi kwenye joto yanayeyuka na kupanda taratibu kwenye meno ya shingo. Nilikuwa najilaumu kwamba nafuta chupa vibaya.

Sasa ninachotaka, na nakitaka kwa wauzaji na kwa wanaochonga kalibu pia. Kijiti kipimwe dhidi ya tundu, kila mzigo, siyo sampuli ya kwanza tu. Kijiti kiwe na uwazi ndani, kama kikombe, kisiwe kigogo kizima kinachobonyea kikipoa. Chenye uwazi kinanepa kidogo na kujibana vizuri zaidi. Chini ya kitako kuwe na ringi inayoingia ndani ya mdomo wa chupa, ili tusitegemee kile kipande cha sponji peke yake. Mfuko uandikwe aina ya shingo. Na kama kalibu imechoka, iacheni kazi! Msituuzie uchakavu wake kwa bei ya kitu kipya.

Kwa wenzangu wa sabuni na mafuta, msinunue tena kwa kusikiliza tak. Nenda na chupa yako na kimiminika chako. Jaza, funga, laza juu ya gazeti, weka uzito kidogo juu, iache usiku. Au funga chupa tupu, izamishe kichwa chini kwenye beseni la maji na uiminye: ukiona mapovu yanatoka penye tundu, rudisha mfuko mzima. Nimejaribu ishirini vyangu kwa njia ya beseni. Tisa vilitoa mapovu.

HARIRI: Asanteni kwa majibu. Mkuu aliyetaja vali ya silikoni, nazijua. Ni zile zenye mpasuko wa msalaba katikati, unaminya inafunguka, unaachia inajifunga. Paul Brown, Mmarekani wa Michigan, ndiye aliyezifanikisha miaka ya mwanzo ya 1990, na baadaye Heinz wakazitumia kwenye chupa za ketchup za kusimama kichwa chini. Ni nzuri, lakini buti la basi likiikandamiza chupa, vali nayo inafunguka kama mkono wa mteja ungefanya. Bado kifuniko cha juu lazima kizibe.

Na wewe uliyeniambia nirudi kwenye kifuniko cha kuzungusha: msusi ana kichwa cha mteja mkono mmoja na maji yanatiririka. Anafungua kwa kidole gumba. Ndiyo maana mama wa Njombe aliomba vya bawaba, na haki yake ni kupata vinavyoziba.

Amenipa nafasi ya pili. Mzigo unaondoka Jumamosi ya wiki ijayo. Nahitaji vifuniko 200 vya bawaba, 28/410, namba 5, vyeupe au vyeusi. Nitakuja na chupa zangu, shampuu yangu, beseni na kalipa, na nitalipa taslimu vikipita. Mwenye navyo aandike hapa hapa hadharani pamoja na bei, asinifuate faragha, na wengine waone.